Maua ya Kuchomeka

Kila asubuhi kabla kengele haijalia, Nyokabi alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kumpelekea Shosho chai ya moto, maana magoti ya bibi yake huyo hayakupatana kabisa na baridi ya Uthiru. Ya pili ilikuwa kuwahi shuleni akakikague kitalu cha maua cha darasa la sita.

Shule yao ilikuwa kando ya Waiyaki Way, karibu kiasi kwamba malori yakipita, vioo vya madirisha vilitetemeka. Kila darasa lilikuwa na kitalu chake pembeni mwa njia itokayo langoni, kimezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Kitalu cha darasa la sita kilikuwa cha mwisho, mkabala na ofisi, mahali ambapo mgeni yeyote sharti apite.

Na kitalu hicho hakikuwa na ua hata moja.

Kilikuwa na vijiti vilivyosimama kwa mistari, na juu ya udongo yalitandazwa majani makavu. Asubuhi hiyo, kama asubuhi nyingine zote, wanafunzi wa zamu walikuwa wamefagia uwanja mpaka ukang'aa, na katika bidii yao wakayafagia na majani ya Nyokabi. Naye alikuwa amechuchumaa akiyarudisha konzi kwa konzi.

"Jamani, mwoneni!" Kibe akapaza sauti. Kibe alikuwa kiranja wa darasa la sita, mvulana mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. "Sisi tunafagia takataka, yeye anazirudisha! Niaje, Nyokabi wa Makaburini? Leo umezika nani?"

"Nimezika adabu yako," Nyokabi akajibu bila kuinua kichwa. "Niliikuta imekufa njiani, nikaona haya kuiacha hivyo hivyo."

Waliokuwa karibu wakaangua kicheko, hata Kibe mwenyewe akacheka kidogo. Lakini jina la Makaburini lilikuwa limekwisha kumganda Nyokabi, wala halikubanduka.

Chini ya majani yale hamkuwa na maiti. Mlikuwa na vitunguu, tena si vya kupikia, maana ukivila vile utajuta, vina sumu. Vilikuwa vya ua ambalo Shosho aliliita ua la mvua. Ua hilo hulala kiangazi chote bila jani wala shina. Masika yanapokaribia, kitunguu hutoa bua nene lililo uchi, na juu yake hufumka mpira mwekundu wa nyuzinyuzi, mkubwa kama kichwa cha mtoto mchanga. Majani huja nyuma yake, kama watu waliochelewa harusini.

Shosho alipoolewa Uthiru aliyakuta maua hayo mlangoni pa mama mkwe wake, akayatunza mpaka nywele zake zikawa nyeupe. Kisha mwezi wa Januari, Wainaina, baba mdogo wa Nyokabi, akaanza kujenga vyumba vya kupangisha katika kiwanja cha familia, kama majirani wengi walivyokuwa wakifanya miaka hiyo. Msingi ulipita pale pale kwenye maua. Wainaina hakuwa mtu mbaya. "Mama," alisema kwa upole, "hapa hata pa kuanika nguo hapatabaki. Maua nitayaweka wapi?"

Ndipo Nyokabi alipokwenda kwa Mwalimu Mwololo, mwalimu wa darasa lao, akaomba ayahamishie maua shuleni. Mwalimu alikubali papo hapo, maana wakati huo kitalu chao kilikuwa na magugu na kiatu kimoja cha zamani.

Walivichimbua pamoja vile vitunguu, Shosho akiwa juu ya kigoda akitoa amri, Nyokabi akishika uma wa kulimia.

"Mbali! Mbali na shingo yake!" Shosho alisema. "Ingiza uma mbali, kisha uinue polepole, kama unavyomwinua mtoto aliyelala. Eeh, hivyo. Sasa, kitendawili!"

"Tega."

"Ana makoti mengi wala hana kifungo."

"Kitunguu, Shosho. Hicho ni cha watoto wa nasari."

"Kumbe umekua! Basi shika hiki. Kalala njaa, na chakula kiko tumboni mwake."

Nyokabi akafikiri, akatazama alichokishika mkononi. "Kitunguu tena?"

"Kitunguu tena. Chakula chote ambacho majani yamepika juani masika nzima, huwekwa humo ndani. Ndiyo maana hukati jani lake likiwa bichi, ati kwa kuwa limelegea na halipendezi macho. Ukilikata umemnyang'anya mtu sahani mezani. Liache mpaka lijikaukie lenyewe."

Walivikung'uta udongo, wakavitenganisha vitoto vilivyokuwa vimemganda mama yao, wakavilaza kivulini mpaka majeraha yakakauka. Halafu wakavipanda shuleni, kila kimoja na kijiti chake cha alama, shingo ikichungulia juu ya udongo, samadi ya zamani ikiwekwa kando na si juu yake. Shosho alikataza kabisa kumwagilia kila siku. "Aliyelala hanyweshwi," alisema. "Ukimnywesha anaoza. Mpe maji kidogo akianza kuamka. Na mwaka huu baadhi vitanuna visitoe ua. Hata wewe ukihamishwa kwenu utanuna. Usiving'oe. Haya, kaoshe mikono kwa sabuni kabla hujashika mkate."

Hayo yalikuwa Januari. Sasa ilikuwa Machi, mbingu ya Nairobi imeanza kuvimba mawingu ya mchana, na chini ya majani makavu Nyokabi alikuwa ameona kitu. Ncha! Ncha nene zenye madoadoa, kama pua za watoto wanaochungulia mlangoni. Alizifunika tena haraka, moyo ukimdunda kwa furaha.

Furaha hiyo ilidumu mpaka gwaride la Jumatatu.

"Ijumaa ni Siku ya Wazazi," Mwalimu Mkuu alitangaza, mikono mgongoni. "Mgeni wetu wa heshima ni Bi. Vimla kutoka Lavington, mwenyekiti wa chama cha watunza bustani. Ataleta kikombe kwa ajili ya kitalu bora. Nami nina jambo langu. Kitalu kitakachokutwa kitupu siku hiyo, Jumamosi kitamwagiwa kokoto, tupate mahali pa kuegesha magari. Hii ni shule. Hatuwezi kufuga udongo mtupu."

Macho ya watoto wote yakahamia kwa darasa la sita. Nyokabi aliwaza neno moja tu. Kokoto! Vile vitunguu havikuwa tena na mahali pengine pa kwenda. Mlangoni pa Shosho palikuwa na ukuta wa mawe.

Walipoingia darasani, Mwalimu Mwololo alifunga mlango. Alikuwa mtu mwema mwenye maneno ya haraka, na koti lake halikukosa vumbi la chaki. "Mmesikia," alisema. "Ijumaa asubuhi kila mtu aje na maua. Mnajua tunavyofanya."

Walijua, na hata watoto wa darasa la kwanza walijua. Kila mwaka, asubuhi ya Siku ya Wazazi, maua yaliyokatwa kwenye nyua za watu yaliletwa kwa mafungu, yakachomekwa kwenye vitalu, udongo ukashindiliwa kwa kisigino. Wazazi waliingia, wakaona waridi na mayungiyungi yamesimama kama askari, wakapiga makofi. Jumatatu maua yalikuwa makapi, yakatupwa shimoni. Hakuna aliyeuita mtindo huo uongo. Uliitwa kupendezesha shule.

"Mwalimu," akasema Becky, msichana aliyeketi na Nyokabi dawati moja, "baba yangu atatuletea ndoo nzima. Kule anakofanya kazi Lavington, Alhamisi huwa wanapunguza maua na kuyatupa tu."

"Vizuri sana, Becky."

Nyokabi akainua mkono. "Mwalimu, vitunguu vimeanza kuamka. Mashina yakichomekwa pale yatavitoboa."

"Basi chomekeni pembeni."

"Pembeni ndiko kuliko na vitoto."

Darasa likaguna. "Makaburini ameanza!" sauti ikasema kutoka nyuma.

"Nyokabi," Mwalimu Mwololo akasema, na safari hii hakusema kwa haraka, "kitalu kile ni cha darasa. Si cha shosho yako."

Maneno hayo yalimchoma, maana yalikuwa ya kweli. Lakini hakuketi.

"Ni cha darasa, Mwalimu. Ndiyo maana sitaki darasa lidanganye nacho."

Hakuna aliyewahi kulitaja neno hilo mbele ya mwalimu. Mwalimu Mwololo akageukia ubao. "Keti chini," alisema. "Tuendelee na hesabu."

Jioni Shosho alikuwa akichambua maharagwe. Nyokabi akamweleza yote, akichambua naye, akitupa mazuri na kubakiza mabovu mpaka Shosho akaivuta sufuria upande wake.

"Nikikubali wachomeke, kokoto haitamwagwa," Nyokabi alisema.

"Eeh."

"Nikikataa, itamwagwa."

"Eeh."

"Shosho, unasema eeh tu! Si uniambie la kufanya?"

"Nikuambie la maua au la kwako?" Shosho akauliza. "La maua nitakuambia. Kitunguu kinapoamka, ua la mwaka huu liko shingoni. Kijiti kikipita hapo, umechoma mkuki. Vingine vitapona, vingine vitaoza. Hilo ndilo la maua. Lile jingine ni lako. Mimi sitakuwa kwenye gwaride lenu, mama. Miguu itakayosimama pale ni yako."

Nyokabi aliyatazama maharagwe. "Basi itasimama," alisema.

Ijumaa asubuhi shule ilinukia kama duka la maua la mjini. Darasa la saba walikuwa na waridi za rangi tatu. Darasa la tano walikuwa wamechomeka matawi mazima ya maua ya ukuta, ya zambarau, yaliyojaa miiba. Darasa la tatu tu ndio walioachwa na vijimaua vyao vya manjano vilivyopinda, walivyovipanda kwa mbegu, kwa sababu mwalimu wao alikuwa mgonjwa na hakuna aliyewaletea vingine.

Darasa la sita lilifika kwenye kitalu chake na mafungu mikononi, Becky akiwa na ndoo ya baba yake. Wakamkuta Nyokabi. Alikuwa amevua viatu ili asiumize kitu, amesimama katikati ya kitalu, nyayo zikiwa kati ya kijiti na kijiti, mikono ameitandaza.

"Toka," Kibe akasema.

"Sitoki."

"Nyokabi, wacha mchezo. Wageni wanakuja."

"Wakaribishe."

"Utafanya tunyang'anywe kitalu! Kwa ajili ya vitunguu ambavyo hata kwa mboga ya sukuma haviingii!" Kibe alikuwa amekunja ngumi kuzunguka shina la waridi, na miiba ilikuwa ikimdunga bila yeye kujua. "Toka, nasema. Tunachomeka."

"Chomekeni," Nyokabi akajibu. "Lakini nichomekeni mimi kwanza. Chimbeni shimo, mnishindilie kwa visigino. Mimi nina nywele, nitapendeza."

Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Kibe hakucheka. Aliweka mguu mmoja ndani ya mawe ya chokaa, na Nyokabi hakurudi nyuma hata kidogo. Walikuwa pua kwa pua Mwalimu Mwololo alipofika, tai imepinda, jasho usoni.

"Kuna nini hapa? Nyokabi! Toka humo mara moja!"

"Mwalimu, nisamehe, sitatoka." Hakushusha mikono. "Ukiniambia nipige magoti, nitapiga. Nitapiga hapa hapa. Ukiniambia nikalete mzazi, nitakwenda jioni. Maua yapo, Mwalimu. Yako njiani. Tukichomeka mengine juu yake tutakuwa tumeyaua yetu ili tuonyeshe ya watu."

Mwalimu Mwololo alimtazama. Akatazama miguu yake mitupu. Akainama, akasogeza majani kwa kidole kimoja, akaiona ncha nene yenye madoadoa ikichungulia. Kisha akainuka.

"Nikikuacha," alisema, "Mwalimu Mkuu akiuliza, wewe ndiwe utakayejibu. Mimi sitakuwa na la kusema."

"Nitajibu."

"Na kokoto ikija?"

"Ikija, itanikuta."

Mwalimu akatikisa kichwa, akaondoka. Darasa nalo likatawanyika likinung'unika, kila mmoja na fungu lake. Kibe alilitupa waridi lake chini. "Tukishindwa, usinisemeshe tena," alisema.

Becky peke yake ndiye aliyebaki. Alizungukazunguka na ndoo yake, akaitazama, akamtazama Nyokabi. Kisha akaenda kwenye bomba, akaijaza maji, akayapanga maua vizuri na kuiweka ndoo nje ya mawe ya chokaa.

"Ya ndoo yakae ndooni," alisema. "Yakiwa ndooni hayajamdanganya mtu."

"Asante, Becky."

"Usinishukuru. Bado nimekukasirikia."

Mgeni alitarajiwa mapema asubuhi. Wazazi wakajaa kwenye mahema, kwaya ikaimba, ngonjera zikasomwa, kwaya ikaimba tena nyimbo zile zile. Mgeni hakuonekana. Mwalimu Mkuu alikuwa akienda nyuma ya ofisi kupiga simu na kurudi akitabasamu kwa nguvu. Gari la Bi. Vimla lilikuwa limeharibika njiani.

Jua la Machi halingoji mtu. Lilipanda, likasimama utosini, likaanza kazi. Waridi za darasa la saba zilikuwa za kwanza kuinamisha vichwa, moja baada ya nyingine, kama wanafunzi waliosinzia. Maua ya ukuta ya darasa la tano yalijikunja yakawa kama karatasi. Wanafunzi walitambaa nyuma ya mahema na vikombe vya maji, wakarusha, wakakimbia. Haikusaidia kitu. Ua lisilo na mzizi halina mdomo wa kunywea.

Nyokabi alikuwa angali amesimama kando ya kitalu chake, maana aliogopa akienda kula wenzake watachomeka. Miguu ilimuuma. Aliogopa kweli kweli. Alijua Jumamosi lori la kokoto laweza kuja, na alijua darasa zima linamtazama kwa jicho baya. Lakini hakuondoka.

Alasiri Bi. Vimla akafika. Alikuwa mama mzee mdogo wa umbo, amevaa sari ya kijani na viatu vya bustani vyenye matope makavu, mkononi mwavuli na mfuko wa kitambaa. Aliomba radhi kwa kila mtu, akakataa soda, akasema anataka kuona vitalu kwanza.

Alipita taratibu, Mwalimu Mkuu akimfuata. Kwenye kitalu cha darasa la saba alisimama, akainama, akashika waridi moja lililolala. Likatoka lote mkononi mwake, shina limekatwa mshazari kwa kisu. Aliligeuza, akalitazama, kisha akalirudisha kwenye shimo lake kwa upole kama mtu anayemfunika mgonjwa. Akaenda kwenye kitalu kinachofuata, akafanya vile vile. Kwenye vijimaua vilivyopinda vya darasa la tatu alivuta, na vikagoma kung'oka. Akatabasamu.

Hatimaye akafika mwisho wa njia, kwenye udongo, vijiti, majani makavu, na ndoo.

"Hiki ni cha darasa la sita," Mwalimu Mkuu alisema haraka. "Tunaomba radhi, Mama. Kesho tutakitia kokoto."

"Hapa kuna nini?" Bi. Vimla akauliza, akimtazama Nyokabi.

"Kuna maua, Mama," Nyokabi akasema. "Hayajafika, lakini yapo."

"Nionyeshe."

Nyokabi akapiga magoti, akafunua majani. Bi. Vimla naye akapiga magoti, sari na yote, mpaka wazazi wakashangaa. Akaitazama ile ncha kwa karibu sana.

"Nani alikufundisha kuacha shingo juu?"

"Shosho yangu."

"Na samadi ikae kando?"

"Shosho yangu. Lakini majani nayarudisha mimi kila asubuhi, maana wanayafagia."

Bi. Vimla akacheka. Halafu akanyanyua macho. "Wenzako wote wana maua leo. Kwa nini wewe hukupanda kama walivyopanda wao?"

Darasa la saba walitazama chini. Mwalimu Mwololo alishika tai yake. Hapo Nyokabi angeweza kulipiza majina yote aliyoitwa.

"Ya wenzangu, Mama, waulize wenyewe," alisema. "Ya kwangu niulize mimi."

"Basi nakuuliza ya kwako."

"Nilikataa kuonyesha kitu ambacho sina. Hiki kidogo ninacho."

Mtu akakohoa nyuma ya hema. Alikuwa Kibe. Alitoka mbele, masikio yamemwiva. "Mama, sisi darasa la sita tulitaka kuchomeka," alisema. "Tuliyaleta maua ya kukatwa. Ni yeye aliyetuzuia. Mimi ndiye niliyetaka kumtoa kwa nguvu." Kisha, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua kuwa anayo, akaongeza, "Nilidhani kitalu kitupu ndiyo aibu."

Bi. Vimla akasimama, akajikung'uta magoti. Alitoa kikombe kwenye mfuko wake wa kitambaa, kikombe kizuri cha fedha, watoto wakakitazama kwa tamaa. Akakifuta kidogo kwa upindo wa sari. Kisha akakirudisha mfukoni.

"Leo siwezi kumpa mtu," alisema. "Karibu kote sijaona vitalu, nimeona mitungi ya maua isiyo na maji. Mvua ikinyesha nitarudi. Wakati huo nitavuta kila ua kwa mkono wangu, na lisilo na mzizi sitalihesabu. Mwalimu, naomba kokoto yako ingoje."

Mwalimu Mkuu akawatazama wazazi, akayatazama maua yaliyolala. Mzazi mmoja akaanza kupiga makofi, na wengine wakafuata. "Itangoja," alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo tabasamu lake halikuwa la nguvu.

Mvua ilinyesha kabla shule hazijafungwa. Ilinyesha kwanza kwa matone mazito yenye harufu ya vumbi, kisha ikafunguka. Mabua yakapanda kwenye kitalu cha darasa la sita, na asubuhi moja mpira mwekundu ukafumka, halafu mwingine. Si vitunguu vyote vilivyotoa maua. Vingi vilinuna kama Shosho alivyosema, vikatoa majani tu. Lakini yale machache yaliyofumka yalionekana tangu langoni, na watoto waliyazunguka wakiwa wamefunga mikono nyuma, kwa amri ya Kibe.

Bi. Vimla alirudi na viatu vyake vya matope, akavuta kila ua. Kikombe akawapa darasa la tatu, kwa vile vijimaua vyao vya manjano ambavyo sasa vilikuwa vimenyooka na kujaa kitalu kizima. Mwalimu Mkuu naye akatangaza kwamba kokoto haitamwagwa kwenye kitalu chochote chenye mizizi, hata kama mizizi hiyo imelala, na kwamba mtindo wa kuchomeka umekwisha.

Siku hiyo Shosho alikuja kwa miguu yake, akiegemea fimbo, Wainaina amemshika mkono. Alisimama mbele ya maua yake. Mwalimu Mwololo akaja kumsalimu, akainamisha kichwa.

"Mama," alisema, "nilimwambia mtoto huyu kwamba kitalu si cha shosho yake. Nilikosea. Na kwa habari ya kuchomeka pia."

"Ulisema kweli, Mwalimu, ni cha darasa," Shosho akajibu. "Ndiyo maana nimekuja kuwasalimu wenyewe."

"Lakini Shosho," Kibe akalalamika, "sisi ndio tulioanza kukataa, na kikombe kimeenda kwa darasa la tatu!"

"Sisi nani?" Becky akamuuliza, na darasa zima likacheka.

"Walipanda, vikaota, wakapewa," Shosho akasema. "Ulitaka mgeni akunyang'anyie watoto wadogo? Sikilizeni, wajukuu zangu. Uongo huwahi. Asubuhi na mapema umeshapambwa, umesimama, unapigiwa makofi. Ukweli hukawia njiani, na anayeungoja huitwa majina, husimama juani akiumwa na miguu. Asiwadanganye mtu kwamba kuungoja ni kazi rahisi. Lakini mtu akikuambia uchomeke kitu kisicho na mzizi, awe rafiki, awe mkubwa wako, mwambie hapana, tena kwa heshima, kisha usiondoke mahali pako. Jua likipanda, kila mtu ataona kilichosimama na kilicholala."

Mwalimu Mwololo alikuwa amekwisha kutoa kalamu mfukoni. "Mama, tafadhali urudie polepole, niwaandikie ubaoni."

"Sirudii," Shosho akasema, akageuza fimbo yake kuelekea langoni. "Waliosikia wamesikia."